Viti Vinne vya Marehemu Baba

Mara iliyopita tulisema habari za bati linalovuja na namna ya kuliziba. Leo tuingie ndani, katika chumba cha wageni, tuvitazame vile viti tulivyovizoea hata hatuvioni tena. Kitambaa kimechanika, majani makavu yanachungulia kama kiota cha kuku, na mgeni akiketi anazama mpaka magoti yake yanakaribia kidevu. Watu wengi wakiulizwa wafanye nini na viti vya namna hiyo, hujibu upesi: vitupwe, vinunuliwe vingine. Sisi wenyewe tulikwisha kujibu hivyo, na ilibaki siku moja tu kuvitoa nyumbani.

Ilikuwa hivi. Habari ilifika kwamba wazee wa ukoo wa kijana mmoja watakuja kwa mama yetu, hapa Bukavu, kumposa dada yetu mdogo. Tulipewa majuma sita. Mama alivitazama viti vinne vya mikono alivyoachiwa na marehemu baba, akashikwa na haya. «Mwalimu,» akatuambia, kwani hutuita hivyo akitaka jambo lisibishwe, «wageni wa posa siwezi kuwaketisha juu ya majani. Tununue saloni.» Saloni ndilo jina tunaloviita mjini vile viti vinene vya sponji vinavyong'aa kando ya barabara. Fedha za kuvinunua hazikuwapo. Kulikuwa na karo ya watoto wetu wawili, tuliyoiweka akiba, na kulikuwa na mkopeshaji wa mtaa, ambaye kwa kila mia moja hudai mia na thelathini mwezi ukiisha. Mama alisema tukope, na mahari itakapokuja tutalipa. Twaandika jambo hili waziwazi, maana twajua kwamba si nyumba yetu peke yake iliyopata kuitumia mahari ya binti kabla binti hajaposwa.

Seremala mmoja akaja kuvitazama viti, avichukue na kutupunguzia kidogo bei ya saloni yake. Bei aliyotaja ilikuwa bei ya kuni. Lakini tulimwona alivyokipindua kiti cha kwanza, akakwaruza mguu wake kwa ukucha, akanyamaza. Halafu akapindua cha pili, na cha tatu, na cha nne. Mtu anunuaye kuni hapindui kila gogo. Tukamwomba arudi baadaye, na jioni ile tukakwaruza sisi pia. Chini ya vanishi iliyofifia kulikuwa na mvule, mbao ambayo mchwa hawaipendi, nayo miguu imeungwa kwa ndimi zilizoingizwa katika matundu yake, bila msumari hata mmoja. Kesho yake tukaenda kuzitazama saloni kwa macho mapya. Tulipotia mkono chini ya kitambaa tukapapasa mkaratusi mbichi na vipande vya masanduku, vimeshikamanishwa kwa misumari tu. Mbao mbichi hukaukia nyumbani mwa mnunuzi. Zikikauka hujikunja, misumari hulegea, na deni halijaisha bado saloni imeanza kulia kila mtu anapoketi.

Basi, kabla hujauliza bei ya kitambaa, kipindue kiti chako uitazame mifupa yake. Shika mgongo kwa mkono mmoja na kikalio kwa mkono wa pili, ukitikise. Kiti kikilia lakini mbao ni nzima, ugonjwa wake ni wa gundi tu, nao huponyeka. Ukiona vitundu vidogo na unga mwembamba chini yake, choma kwa ncha ya kisu: kisu kikikwama juu, wadudu wamekula ngozi tu, kikizama kama katika mkate, usipoteze fedha zako, kiti hicho kimekufa.

Tulianza kazi tarehe 1 Mei, siku isiyo na shule, ambayo kwa Kanisa ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliyoiweka Papa Pius XII mwaka 1955. Tungependa kusema kwamba tulianza kwa busara ya Mtakatifu huyo. La, tulianza kwa pupa. Kiti cha kwanza tulikivua nguo kama mtu achunaye mbuzi, tukirarua na kutupa. Baadaye tukaja kujua kwamba kitambaa kikuukuu, hata kikiwa kimeoza, ndicho kipimo cha kitambaa kipya, na atakayekirarua amejinyima kipimo. Viti vitatu vilivyobaki tulivifungua kama ipasavyo. Kwanza ondoa nguo ya chini inayozuia vumbi. Kisha mgongo wa nje, halafu mgongo wa ndani, na mwisho kikalio. Ng'oa kila msumari kwa bisibisi kuukuu na koleo, ukifuata uzi wa mbao, usije ukabandua kibanzi. Juu ya kila kipande andika kwa chaki: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Wakati wa kuvika, utafuata njia ile ile kwa kurudi nyuma: kikalio kwanza, mgongo wa nje mwisho.

Kazi hii ifanyike uani, kamwe isifanyike ndani ya nyumba. Vumbi la miaka mingi si jema kwa vifua vya watoto, tena ndani ya mishono ndimo wanamokaa kunguni. Majani ya zamani tuliyachoma moto, na pembe zote za mbao tukazimwagia maji yanayochemka. Lakini angalieni: maji ya moto hulegeza gundi ya zamani, kwa hiyo yatangulie, gundi mpya ifuate mbao zikiisha kukauka.

Katika kiti cha tatu tulikuta jambo ambalo hatukulitazamia. Chini ya kikalio, kati ya mikanda ya gunia iliyochakaa, mkanda mmoja ulikuwa wa ngozi. Tulipougeuza tukaona bakuli lake la chuma, limepigwa misumari pamoja nao. Mama alikuwa akipepeta mchele karibu nasi. Akaweka ungo chini. «Mshipi huu,» akasema, «baba yenu aliniapia kwamba uliibiwa.» Akacheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Ndipo tukafahamu kwamba baba alikwisha kukitengeneza kiti kile siku moja mkanda ulipokatika, labda kuna wageni mlangoni, akatoa alichokuwa nacho kiunoni. Tangu saa ile Mama hakutaja tena saloni, wala seremala hakuitwa.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Viungo vilivyolegea tulivitoa, tukakwangua gundi kuukuu kwa kisu mpaka mbao ikaonekana, maana gundi haishiki juu ya gundi. Tukapaka ile kola nyeupe ya maseremala, tukaviunga tena, kisha tukavizungushia kamba na kuikaza kwa kijiti kilichosokotwa katikati yake, kwa kuwa hatuna vyombo vya kubania. Kabla gundi haijashika, kiti kiwekwe mahali palipo sawa, nawe upime kwa uzi toka pembe hadi pembe: nyuzi mbili zinazopishana zikiwa sawasawa, kiti kimenyooka. Kisha kikae siku nzima pasipo kuguswa. Matundu ya misumari ya zamani tuliyajaza njiti za kiberiti zilizochovywa katika kola, tukazikata juu, hivyo msumari mpya ukapata mahali pa kuuma.

Kikalio ndicho kinachobeba mtu, nacho kinataka fikira zaidi. Viti vya baba vilikuwa na resori, yaani zile nyaya zilizosokotwa mfano wa nyoka, tano kwa kila kiti: nne pembeni na moja katikati. Resori njema ukiibonyeza kwa kiganja hurudi wima. Mbovu huinamia upande. Katika ishirini tulipata kumi na moja njema. Kwa hiyo tukaamua viti viwili viwe na resori, na viwili visiwe nazo. Kwa vile vya kwanza, mikanda ya chini ilisukwa kama mkeka, mmoja juu mmoja chini, ikavutwa sana kwa kipande cha ubao, na kila mwisho ukakunjwa na kupigwa misumari mitano. Resori zikashonwa juu ya mikanda kwa shazia na uzi wa katani. Kisha zikafungwa juu kwa kamba nyembamba, toka mbele kwenda nyuma, toka kushoto kwenda kulia, na toka pembe hadi pembe, kila kamba ikipigwa fundo mahali inapoigusa resori, ili zote zishuke na kupanda pamoja. Atakayefunga ovyo ataketi juu ya kichuguu.

Kwa viti viwili visivyo na resori tulitumia mpira wa ndani wa gurudumu la gari. Mafundi wa magurudumu huutoa kwa bei ndogo ukiisha kutobokatoboka. Oshwa kwa sabuni, kata mikanda yenye upana wa sentimita tano, na kila mkanda uwe mfupi kuliko nafasi yake kwa sehemu moja ya kumi, ili ukivutwa ukaze. Isuke vilevile kama mkeka. Twakiri kwamba viti hivi viwili huketika vizuri kuliko vile vya resori, ingawa mpira haupendi jua wala mafuta, na baada ya miaka itabidi kuubadili.

Juu ya resori au mpira hutandazwa gunia. Watu wa Kivu hatuna sababu ya kulia hapa: magunia ya juti, yale yanayochukua kilo 60 za kahawa, yanapatikana sokoni, nayo yana nguvu kuliko nguo nyingi zinazouzwa madukani. Gunia la plastiki halifai. Linateleza, linapiga kelele, na misumari hulipasua.

Kisha vijazo. Zamani walitumia majani, nywele za farasi, makumbi ya nazi, au sufi katika nchi za joto. Makapi ya mgomba yaliyokaushwa yanafaa kwa muda, lakini yakipata unyevu huota ukungu. Sisi tulitumia sponji ya godoro. Kama mnalo godoro lililochakaa, msilitupe lote: katikati limekufa, lakini upande wa miguuni mara nyingi bado ni zima. Bonyeza kwa ngumi uhesabu mpaka tano; likirudi mara moja, linafaa. Ukinunua vipande, shika viwili vyenye ukubwa ule ule, uchukue kizito. Tuliweka unene wa sentimita 8 kwa kikalio na 4 kwa mgongo. Neno moja tena juu ya sponji, nalo si dogo: ikishika moto huwaka upesi mno, na moshi wake huua kabla ya moto wenyewe. Umeme unapokatika, mshumaa usiwekwe kamwe juu ya mkono wa kiti, wala mbabula isisogezwe karibu ili wageni waote moto.

Juu ya sponji tulivika kwanza amerikani, au shuka kuukuu, ili kitambaa cha nje kisisuguane na sponji na kuchakaa upesi. Wengine wangependa kitenge juu. Kitenge ni kizuri kwa macho, lakini ni chepesi. Baada ya mwaka mmoja magoti ya watoto huwa yamekimaliza. Mahameli yale yanayong'aa hukusanya vumbi, na kila doa huonekana. Kinachofaa ni pamba nzito, na pamba nzito ya bei ndogo imo katika mitumba, kati ya mapazia. Lishike pazia ulielekeze kwenye jua: mahali palipochoka mwanga hupita. Tulipata mapazia mawili ya mistari ya kijani, kila moja upana sentimita 140 na urefu sentimita 180.

Muuza vitambaa wa dukani alikuwa ametuambia kwamba viti vinne vyataka mita sita. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu na wachukue karatasi, wamhakikishe. Kikalio chetu kina upana wa sentimita 48 na kina cha 46. Ongeza 8 za sponji kila upande, na 3 za kukunja kila upande: wapata 70 kwa 68. Mgongo wa ndani, 48 kwa 40, pamoja na sponji ya 4 na mikunjo, wapata 62 kwa 54. Mgongo wa nje hauna sponji: 54 kwa 46. Kwa kuwa upana wa pazia ni 140, kila safu yatoa vipande viwili. Basi kwa viti viwili: 68, na 54, na 46, jumla 168. Pazia moja la 180 latosha viti viwili, na sentimita 12 zinabaki. Viti vyote vinne vyataka pungufu ya mita tatu na nusu. Hesabu ile ya darasani, ambayo watoto hutuuliza itawafaa nini, ilituokolea karibu nusu ya kitambaa.

Lakini mwalimu wa hesabu naye hukosea. Pazia la kwanza tulilikata kwa ajili ya kiti kile tulichokirarua, ambacho hatukuwa na kipimo chake. Na kwa upande mmoja tukasahau unene wa sponji. Safu nzima ikatoka na 60 badala ya 68. Tulipoviweka vipande viwili juu ya vikalio, havikufika chini. Tukaketi chini, mkasi mkononi, tukiifikiria karo ya watoto. Mama wa watoto wetu, ambaye hushona kwa cherehani na hajapata kusoma hesabu zaidi ya darasa la sita, akavipima kwa utepe wake kimya, akasema: «Hivi viwe vya mgongo. Kata vikalio katika kilichobaki.» Jaribuni wenyewe: 60, na 68, na 46, ni 174. Pazia lilitosha. Tangu siku ile mkasi hushikwa naye.

Katika kupigilia, siri ni moja. Usianze pembeni. Piga msumari mmoja katikati ya nyuma, vuta, piga mmoja katikati ya mbele. Halafu katikati ya kushoto na ya kulia. Vyote viingie nusu tu, ili uweze kuving'oa mistari ikipinda. Ukiisha kuridhika, endelea toka katikati kwenda pembeni, ukilainisha kwa kiganja, na pembe uzikunje kama bahasha. Misumari ile midogo ya washona viatu, yenye kichwa kipana, ndiyo bora, nayo isikaribie mno ukingo wa mbao, isije ikaupasua. Sisi kiti kimoja tulianza pembeni. Matokeo yake mtayasikia.

Kwa urembo tulitaka kuzungushia misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo. Jambo hilo si la kigeni kwetu kama wengine wanavyodhani: Watshokwe wa kusini mwa Kongo na Angola walichonga viti vya wakuu wao kwa kufuata umbo la viti vya Wazungu, wakavivika ngozi ya mnyama, wakaipigilia misumari ya shaba kwa safu nzuri. Viti hivyo leo huonyeshwa katika majumba ya makumbusho. Tuliuliza bei ya misumari hiyo, tukaiacha dukani.

Mkanda wa ngozi wa baba ulikuwa umekauka na kupasuka, haukuweza kubeba mtu tena. Mama alikataa tuutoe. Tukaupigilia mahali pake pa zamani, chini ya mikanda mipya, haubebi kitu.

Wazee walikuja Jumamosi moja ya mwezi wa Juni. Waliketi toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane, kwani mambo ya mahari hayaendi mbio, na baba yetu mdogo hakupunguza neno hata moja katika hotuba yake. Hakuna aliyevisifu viti, wala hakuna aliyezama. Karo ililipwa muhula ulipofika. Kiti kile kilichoanzwa pembeni mistari yake imepinda upande wa kushoto hata leo; siku ile tulikisogeza nyuma ya mlango, tukakikalia sisi.